Soda ya Ziro na Unene wa Mwili

Mazungumzo haya tuliyatoa kwa wanakisomo wa Chitete, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Siku hiyo wengi walikuwa mashambani. Baadaye wakatuomba tuyaandike ili nao wayasome. Basi tumeyaandika karibu kama tulivyoyasema.



Leo hatukuja kuzungumza habari za mbolea. Wala hatukuja kuhesabu magunia ya mahindi. Tumekuja kuzungumza habari za soda. Tunaona wengine mnacheka. Chekeni tu, bado ni mapema.

Habari yenyewe ilianza hivi. Yuko mama mmoja katika wanakisomo wenzetu. Jina lake hatulitaji, maana ndivyo alivyotuomba. Mama huyu anauza nyanya na dagaa sokoni. Siku moja alikwenda kupima afya. Akaambiwa presha yake imepanda, na uzito wake ni kilo 91. Akaambiwa apunguze uzito na aache soda. Basi. Hakuelezwa zaidi ya hapo.

Mama huyu ana mtoto wa kiume anayefanya kazi Tunduma. Kijana aliposikia habari za mama yake alihuzunika. Akafanya kama afanyavyo mtoto mwema. Alinunua katoni ya soda zilizoandikwa "Zero", akaipakia kwenye gari la Chitete. Kisha akapiga simu: "Mama, hizi hazina sukari. Kunywa hizi utapungua." Katoni ikiisha, inakuja nyingine. Mama akawa anakunywa chupa mbili kila siku, asubuhi moja na jioni moja, kama mtu anayemeza dawa.

Baada ya miezi mitatu akapanda mizani tena. Kilo 93.

Siku ya kisomo alikuja na chupa tupu mkononi. Tukamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba," lakini sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye neno. Akaiweka chupa juu ya meza, akasema, "Mwalimu, ninyi ndio mliotufundisha kusoma. Haya, nimesoma. Hapa pameandikwa ziro. Ziro si ni sifuri? Mbona kilo zangu zinapanda?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwambia, "Mama, tupe muda tukaulize." Tumeuliza na tumesoma. Haya sasa ndiyo majibu yetu.

Kwanza tuijue sukari yenyewe

Tuchukue soda ya kola ya kawaida, ile yenye sukari. Kopo la mililita 330 lina sukari gramu 35 hivi. Kijiko kidogo cha chai, kikiwa kimesawazishwa bila kilima, hubeba gramu 4 hivi. Chukua 35 ugawe kwa 4. Utapata karibu vijiko 9. Nani kati yetu angekubali kuwekewa vijiko 9 katika kikombe kimoja cha chai? Hakuna. Lakini katika soda tunavinywa, kwa sababu soda ni ya baridi, ina gesi, na ina tindikali inayoficha ule utamu mwingi.

Mtu akinywa kopo moja kila siku kwa siku 30, amekunywa gramu 1,050. Hiyo ni kilo moja ya sukari na zaidi kidogo, tena ni nje ya sukari ya chai. Kila gramu ya sukari hutia mwilini nguvu ambayo wataalamu huipima kwa kalori. Gramu moja hutoa kalori 4. Kwa hiyo kopo moja ni kalori 140. Nguvu hiyo mtu anayelima toka alfajiri ataitumia. Mtu anayekaa kwenye kibanda cha duka kutwa hataimaliza. Inayobaki mwili huiweka akiba, na akiba ya mwili ni mafuta.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidishe kiasi cha gramu 50 kwa siku za sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji. Akiweza kushuka mpaka gramu 25, ni bora zaidi. Sasa linganisheni na hilo kopo la gramu 35.

Utamu wa ziro unatoka wapi?

Watu wengi wanadhani soda ya ziro ni soda iliyotolewa sukari tu. Ingekuwa hivyo ingekuwa na ladha ya maji makali. Ile soda imetiwa dawa ya utamu. Dawa hizi ziko nyingi. Ya zamani kuliko zote ni sakarini. Iligunduliwa mwaka 1879 huko Marekani na mtaalamu aitwaye Constantin Fahlberg. Alikuwa akifanya kazi maabara, akaenda kula bila kunawa vizuri. Akashangaa mkate wake una utamu. Alipochunguza akakuta utamu unatoka mikononi mwake. Sisi kila siku tunawahimiza mnawe mikono, na mwenzetu huyu hakunawa akapata sifa duniani. Msimfuate.

Baadaye zikaja nyingine. Aspateme iligunduliwa mwaka 1965. Utamu wake unaishinda sukari kama mara 200. Kwa hiyo kiasi kidogo sana, kama chembe za chumvi, kinatosha kutia utamu chupa nzima. Ndiyo maana soda hiyo haina kalori, au inazo chache mno.

Kwa hiyo kijana wa Tunduma hakumdanganya mama yake. Soda ile kweli haina sukari. Hiyo ni nusu ya jibu.

Waliopima wameona nini?

Kule Uholanzi walichukua watoto 641 wa kati ya miaka 4 na 12 hivi. Wote walikuwa wamezoea kunywa vinywaji vyenye sukari. Wakawagawa mafungu mawili. Fungu moja walipewa kila siku kinywaji cha sukari cha mililita 250. Fungu la pili walipewa kinywaji kama hicho cha dawa ya utamu. Watoto wenyewe hawakujua nani anakunywa kipi. Miezi 18 ikapita. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Watoto wote waliongezeka uzito, maana watoto hukua. Lakini wa sukari waliongezeka kilo 7.37, na wale wengine kilo 6.35. Tofauti ni kilo moja hivi. Kwa hiyo aliyetoka kwenye sukari akaenda kwenye ziro alipata faida kidogo. Tusikatae.

Sasa vipi ukilinganisha ziro na maji? Hapa wataalamu wenyewe hawapatani. Huko Marekani watu wazima 303 wanene walifundishwa kula kwa kipimo na kufanya mazoezi. Nusu walikunywa maji, nusu walikunywa vinywaji vya ziro. Baada ya mwaka mmoja wa ziro walikuwa wamepungua kilo 6.2, na wa maji kilo 2.5 hivi. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2016. Lakini subirini kidogo. Gharama ya uchunguzi ule ililipwa na chama cha watengenezaji wa vinywaji cha huko huko Marekani. Hatusemi kwamba walidanganya. Tunasema tu kwamba mwenye ng'ombe akisifu maziwa yake, nawe onja.

Huko Uajemi, yaani Irani, uchunguzi mwingine ulitolewa mwaka 2015. Wanawake wanene 62 walifuata mpango wa kupunguza uzito kwa wiki 24. Baada ya chakula cha mchana wengine walikunywa maji, wengine kinywaji cha ziro. Wa maji walipungua kilo 8.8. Wa ziro walipungua kilo 7.6. Safari hii maji yalishinda.

Mtatuuliza, basi tumwamini nani? Tazameni jambo moja katika habari hizi mbili. Watu wote, wa maji na wa ziro, walikuwa wamepunguza chakula na walikuwa chini ya uangalizi. Hakuna kati yao aliyekunywa ziro halafu akaendelea kula kama zamani. Kwa mama yetu haikuwa hivyo. Hakuna aliyemwambia neno juu ya chakula.

Mwaka 2023, tarehe 15 Mei, Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri baada ya kukusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali. Ushauri ni huu: dawa za utamu zisitumiwe kama njia ya kupunguza uzito. Walikuta kwamba katika muda mfupi watu waliotumia dawa hizo walipungua kidogo, kama robo tatu ya kilo hivi. Lakini walipowatazama watu kwa miaka mingi hawakuona unafuu unaodumu. Tena wanaotumia sana walionekana kuwa na kisukari na magonjwa ya moyo zaidi ya wasiotumia.

Hapo tuwe waangalifu. Simama mlangoni pa zahanati uwahesabu wanaoingia. Utaona wengi ni wagonjwa. Je, zahanati ndiyo imewaletea ugonjwa? Sivyo. Waliugua kwanza, ndipo wakaenda. Na ziro inaweza kuwa hivyo hivyo. Mtu hunenepa kwanza, anaogopa, ndipo anaanza kunywa ziro. Shirika lenyewe lilikiri jambo hilo, ndiyo maana likasema ushauri wake si wa mkazo wa mwisho. Tena likasema kwamba ushauri huo hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Hao tutawafikia.

Hesabu ya mama yetu

Sasa turudi Chitete. Tulikaa na yule mama na daftari lake la kisomo. Tukamwomba atutajie kila alichokula na kunywa siku moja, tangu kuamka mpaka kulala. Aliandika mwenyewe kwa mkono wake. Herufi zilikuwa kubwa kidogo lakini zinasomeka vizuri.

Swali la kwanza lilikuwa hili: kabla ya katoni kuanza kuja, alikuwa anakunywa soda ngapi za sukari? Akajibu, "Moja, siku ya soko. Siku nyingine nilikuwa nakunywa maji."

Jamani, mmesikia? Alikuwa anakunywa soda moja kwa wiki. Kwa mwezi ni soda 4. Zidisha 4 kwa gramu 35, ni gramu 140 za sukari. Hizo ndizo alizoziacha. Na zile soda mbili za ziro za kila siku hazikuchukua nafasi ya soda ya sukari. Zilichukua nafasi ya maji! Maji nayo hayana kalori hata moja, tena hayapandi gari kutoka Tunduma.

Swali la pili: chai yake ina sukari ngapi? Akasema anakunywa vikombe vitatu kwa siku, na kila kikombe vijiko vitatu. Tatu mara tatu ni 9. Zidisha kwa gramu 4, ni gramu 36 kila siku. Kwa siku 30 ni gramu 1,080. Mama akaitazama ile namba muda mrefu. Akauliza, "Hii yote ni ya chai?" Tukamwambia, "Ya chai, mama." Ameacha gramu 140 kwenye soda, na gramu 1,080 zimebaki kwenye birika.

Swali la tatu ndilo lililotuuma zaidi. Tulimuuliza, hiyo soda unainywa na nini? Akasema, "Na maandazi mawili. Soda tupu inakwaruza tumbo." Kabla ya katoni hakuwa anakula maandazi hayo. Andazi moja la kukaangwa kwa mafuta, likiwa kubwa kama ya hapa kwetu, linaweza kuzidi kalori za kopo zima la soda ya sukari. Naye alikuwa anakula manne kwa siku. Mwenyewe alitueleza mawazo yake: "Nilijua soda haina kitu, kwa hiyo nikaona nina nafasi."

Hiyo nafasi ndiyo inayowaangusha wengi, wa mijini na wa vijijini, wa hapa na wa Ulaya. Mtu anaona ameokoa pale, basi anajilipa hapa. Kama mtu aliyepunguziwa nauli halafu akanywa pombe mara mbili ya kile alichookoa. Halafu ulimi unabaki umezoea utamu mkali, na ulimi uliozoea utamu mkali huyaona maji hayana ladha na chai ya kijiko kimoja kama chai ya mgonjwa.

Unene na heshima

Kuna jambo lingine, nalo tulisema tu kwa sababu tulikuwa wenyewe kwa wenyewe. Kwetu mtu mnene huitwa amenawiri. Mke akipungua, watu humtazama mume kwa jicho baya. Na hapa karibu na mpaka, kwa miaka mingi, mtu akikonda watu walinong'ona kwamba ana UKIMWI. Kwa hiyo kumwambia mama wa sokoni apungue kilo 10 si jambo jepesi. Anaweza kupoteza kilo akapoteza na amani.

Wazee mnaikumbuka ile kampeni ya redio ya mwaka 1975, Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi wakasikiliza redio na kusoma vitabu. Kabla yake, mwaka 1973, ilikuwa Mtu ni Afya, vyoo vikachimbwa nchi nzima. Wakati ule shida kubwa ilikuwa watoto waliodhoofu. Shida hiyo haijatutoka katika mkoa huu. Lakini imekuja ya pili, zote ziko nyumba moja. Serikali ilipopima mwaka 1991 hadi 1992, wanawake 11 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Ilipopima mwaka 2015 hadi 2016, walikuwa 28 katika kila 100. Siku hizi unaweza kumwona bibi mwenye presha na mjukuu mwenye utapiamlo wanakula sinia moja.

Kwa sababu hiyo tunasema ziro isiwe kinywaji cha watoto. Mtoto anayekua tumbo lake ni dogo. Ukilijaza soda isiyo na kitu, uji wa ulezi na karanga utaingia wapi?

Hatari ambayo ni lazima tuiseme

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa ni uhai wa mtu.

Mgonjwa wa kisukari akiwa na hamu ya soda, ziro ni afadhali kuliko soda ya sukari. Maji ni bora kuliko zote mbili. Lakini kuna saa ambayo ziro haimfai kabisa. Mgonjwa anayechoma sindano ya insulini, au anayemeza baadhi ya vidonge vya kisukari, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Pengine amechoma sindano halafu hakula, au amelima sana. Utamwona anatetemeka, anatoka jasho jingi, anasikia njaa kali, anaongea maneno yasiyoeleweka kama mlevi. Huyu anahitaji sukari ya kweli na upesi. Mpe vijiko vinne vidogo vya sukari katika maji, au nusu ya soda ya kawaida. Ukimkimbizia soda ya ziro kwa kudhani soda ni soda, umempa maji ya gesi, na dakika zinapita. Kama amezimia usimmiminie kitu kinywani, maana kitampalia. Mkimbize zahanati au hospitali.

Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa wa namna hii, watu wote wajue kusoma chupa, hata watoto.

Na kama mtu ana kiu isiyoisha, anakojoa mara nyingi usiku, na anakonda bila kupunguza chakula, asifurahi kwamba amepungua. Aende akapimwe sukari.

Kusoma chupa

Chukueni sasa ile chupa ya mama. Mbele pameandikwa jina kwa herufi kubwa. Hayo ni maneno ya muuzaji. Igeuzeni. Nyuma kuna maandishi madogo, na hayo ndiyo ya msomaji. Vinywaji vingi vinavyopita Tunduma, vya kwetu na vya kutoka Zambia, vimeandikwa Kiingereza. Msiogope. Tafuteni neno hili: s-u-g-a-r. Maana yake ni sukari. Karibu nalo kuna namba na herufi g, yaani gramu. Mara nyingi ni gramu katika kila mililita 100, si katika chupa nzima. Hapo wengi hukosea. Kama pameandikwa gramu 10 katika mililita 100, na chupa ni ya mililita 500, zidisha 10 kwa 5. Chupa hiyo ina gramu 50.

Dawa za utamu mara nyingi huandikwa kwa namba. 950 ni asesulfame. 951 ni aspateme. 952 ni saiklameti. 954 ni sakarini. 955 ni sukralosi. Mtashangaa mkianza kutafuta, maana si ziro peke yake. Juisi nyingi za unga wa kwenye vifuko vidogo, na baadhi ya soda za bei ya chini, zina sukari na dawa za utamu pamoja. Kwa hiyo kuiona 951 hakuna maana kwamba sukari haimo. Someni mpaka mwisho wa orodha.

Watu waliuliza maswali. Tutayaandika machache.

Baba mmoja aliuliza kama dawa hizi huleta saratani. Mwezi Julai 2023 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka aspateme katika fungu la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, lakini ushahidi wake ni mdogo. Wataalamu wengine wa shirika hilo hilo walisema kiasi kisichodhuru hakijabadilika, yaani miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa zaidi ya makopo 9 mpaka 14 kwa siku moja ndipo akipite. Kama kuna mtu hapa anayefikisha makopo 9 kwa siku, tuzungumze naye kando.

Kijana mmoja aliuliza kuhusu meno. Ziro haina sukari, lakini ina tindikali kama soda nyingine. Tindikali hulainisha meno kidogo kidogo.

Mzee mmoja akauliza, "Na togwa je?" Togwa ni chakula. Ina ulezi au mahindi, kwa hiyo ina nguvu, na mtu mnene asiinywe juu ya ugali ulioshiba kwa kudhani ni maji. Lakini togwa isiyoongezwa sukari ni bora kuliko soda, ya sukari na ya ziro. Mzee alifurahi. Hakuuliza kuhusu pombe, nasi hatukumsaidia. Ila hapa tutaandika kwamba pombe nayo ina kalori nyingi.

Mama mmoja akauliza atajuaje kama amenenepa kupita kiasi na mizani haipo. Tulimwambia aazime futi ya kamba ya fundi cherehani, ajipime kiunoni, usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Mwanamke akifika sentimita 80, na mwanamume akifika 94, ajiangalie. Fundi cherehani wa hapa alisema kwa sauti kwamba yeye hatamwambia mtu yeyote namba za wengine.

Na yule mama mwenye chupa? Tulipatana naye mambo manne tu, maana mambo kumi hakuna anayeyashika. Chai vijiko vitatu iwe viwili kwa wiki tatu, halafu kimoja. Maandazi yawe siku ya soko tu. Mafuta ya mboga yapimwe kwa kijiko kikubwa, yasimiminwe kutoka kwenye dumu, kwa kuwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120 hivi. Na kiu ikatwe kwa maji yaliyochemshwa. Ile soda moja ya siku ya soko, akitaka iwe ya ziro, sawa. Hatukumnyang'anya. Dawa zake za presha aendelee nazo kama alivyoelekezwa.

Alimpigia mwanawe simu mbele yetu. Alimwambia, "Baba, usilete tena katoni. Hiyo fedha ninunulie mizani." Kijana akadhani mama amekasirika, ikabidi tuchukue simu tumweleze. Mizani ililetwa wiki iliyofuata. Sasa iko nyumbani kwake, na majirani wanakwenda kupima bila malipo, isipokuwa siku ya soko anapokuwa hayupo. Mara ya mwisho tulipoonana naye alikuwa kilo 90 na nusu. Anasema chai ya kijiko kimoja bado hajaizoea.

Jumatano ijayo kila mwanakisomo aje na chupa moja tupu au kifuko kimoja cha juisi ya unga, cha aina anayotumia nyumbani. Aje pia na penseli. Tutasoma maandishi ya nyuma pamoja, kila mtu na chake.